Kangaga gani litavuka Januari Arusha?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimehamia nyumba yangu Njiro, Arusha. Upande wa kusini nina kipande cha mita 8 kwa 3 kati ya nyumba na ukuta wa uzio, na mwishoni kuna mparachichi mkubwa. Nyasi zimekataa kuota. Mwaka jana nilinunua makangaga ya kwenye vikapu kwa muuza miche wa barabarani, nikayahamishia ardhini. Mwezi wa sita yalikuwa yamestawi, kufika Februari yamebaki vijiti. Namwagilia kila jioni kwa maji ya kisima. Nataka makangaga sugu, yasiyonitesa. Halafu yale machache yaliyosalia yana vidoa vya kahawia vimejipanga chini ya majani. Nimepuliza dawa ya wadudu mara kadhaa lakini havitoki. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Hiyo dawa iache leo, na sababu nitaieleza mbele kidogo. Kwanza nikuulize: una hakika hapo ni kivulini?

Mimea iliyopendeza Juni ikafa Februari inasimulia habari za jua. Arusha iko kama nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, na nyumba yako inakitupia kivuli kipande hicho. Kuanzia Oktoba jua linahamia kusini. Desemba, saa sita na nusu mchana, linasimama kusini mwa utosi wako kwa nyuzi 20 hivi na kuupiga moja kwa moja ukuta wa nyuma ya nyumba. Kama ukuta huo umepakwa rangi nyeupe, joto linarudishwa kwenye majani. Kwa hiyo mahali ulipopaona pana kivuli wakati wa baridi, panageuka jiko katika miezi ileile ambayo hewa ni kavu na vuli imeshakatika.

Chukua ukuta wa uzio wa mita 2. Mchana wa Desemba kivuli chake kinaingia ndani ya kipande chako kwa kama sentimita 70 tu. Ukuta wa nyumba wa mita 3 nao, mchana wa Juni, unatupa kivuli cha mita moja na nusu hivi. Maana yake una bustani tatu ndani ya mita hizo 3: ukanda wa chini ya uzio, wenye kivuli wakati wa joto, ukanda wa chini ya nyumba, wenye kivuli wakati wa baridi, na katikati, ambako pasipo mparachichi jua la mchana linafika karibu mwaka mzima. Watu wengi hupanda makangaga yao yakiegemea nyumba kwa sababu ndipo wanapoyaona kutoka dirishani. Wewe yapeleke kwenye uzio. Jua la mchana la Juni na Julai litayafikia huko, lakini miezi hiyo Arusha ina mawingu na ubaridi, halitayaunguza.

Adui wa pili ni maji yako. Visima vingi vya miteremko ya Meru vina floridi nyingi na magadi, na kuchemsha hakuondoi floridi. Kangaga ni mmea wa mboji na maji laini. Ukilimwagilia maji ya magadi kidogokidogo kila jioni, maji yanakauka juu na chumvi inabaki. Dalili zake ni ncha za majani kuwa za kahawia na utando mweupe juu ya udongo. Nenda kaangalie, nadhani utaukuta. Ule mkaa wa mifupa unaofanyiwa kazi Ngurdoto kuondoa floridi ni wa maji ya kunywa, usiufikirie kwa bustani. Dawa yako iko juu ya paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1, kwa hiyo upande wa paa wa mita 60 za mraba, mvua moja nzuri ya milimita 25 inakupa karibu lita 1,500. Maji hayo yakinge kwenye tanki, uyawekee makangaga peke yao kwa Januari na Februari. Maji ya tanki yakiisha ukarudi kwenye kisima, mwagilia mara mbili kwa wiki lakini mpaka maji yashuke chini kabisa ya mizizi, yasukume chumvi. Kunyunyiza juujuu kila siku ndiko kunakoirundika.

Tuje kwenye aina sasa. Uliyonunua kwenye kikapu bila shaka ni ile ya Boston, Nephrolepis exaltata 'Bostoniensis'. Ilionekana mwaka 1894 katika shehena ya makangaga iliyopelekwa mji wa Boston, Marekani, na tangu hapo imekuwa kangaga la vibaraza duniani kote. Ni nzuri, sikatai. Lakini inataka hewa yenye unyevu na udongo usiokauka, na haina akiba yoyote chini. Dada yake Nephrolepis cordifolia, mwenye majani yaliyosimama wima zaidi, anabeba mizizini viazi vidogo vya mviringo, ukubwa wa gololi, vilivyojaa maji. Hivyo ndivyo vinavyolivusha kiangazi. Kwenye kitalu mwombe muuzaji akutolee mche kwenye mfuko wake uone mizizi. Ukikuta gololi hizo, nunua. Akikataa kukuonyesha, nenda kwa jirani yake. Tahadhari moja: linatambaa kwa kamba nyembamba na halirudi nyuma. Huko Florida, Marekani, limeshahesabiwa kuwa mmea vamizi. Zika safu ya matofali kuzunguka eneo lake, na unapopunguza usitupe mabaki kwenye korongo au kando ya mto.

Kwa ukanda wa chini ya uzio ningetoa pesa yangu kwanza kwa Cyrtomium falcatum. Vipande vya jani lake ni vipana, vinene, vinang'aa na vina ncha kali. Asili yake ni Asia ya mashariki, na huota hata kwenye miamba ya pwani inayorushiwa maji ya bahari, kwa hiyo magadi kidogo hayalitishi. Halitambai. Linakaa kichaka kimoja cha nusu mita hivi, na jani gumu la namna hiyo halipotezi maji haraka hewa ikikauka. Wauza miche wengi hawalijui kwa jina, kwa hiyo nenda na picha. Ukilikosa, tafuta Rumohra adiantiformis. Umeshaliona: ndilo jani gumu la kijani kizito ambalo wauza maua hulifunga pamoja na waridi kwa sababu linakaa muda mrefu kwenye chombo bila kunyauka. Kinachodumu kikiwa kimekatwa kina nafasi nzuri ya kudumu kikiwa na mizizi, ila hili linataka udongo unaopitisha maji vizuri kuliko Cyrtomium.

Chini ya ukuta wa nyumba, penye jua la Desemba, kangaga pekee ninaloliamini ni Pteris vittata. Pengine hata huhitaji kulinunua. Huota lenyewe kwenye nyufa za kuta kuukuu, kwenye kingo za mitaro, penye saruji na chokaa, kwa sababu linapenda udongo wenye chokaa ambao makangaga mengine yanaukimbia. Majani yake ni marefu, vipande vyake vyembamba kama utepe. Lina tabia moja ya ajabu iliyotangazwa na watafiti wa Florida mwaka 2001: linafyonza arseniki kutoka ardhini na kuilimbikiza kwenye majani. Kwa bustani si tatizo, ila majani unayoyakata usiwape sungura wala mbuzi.

Kama unachotaka hapo ni ule wepesi wa majani kama manyoya, kuna mmea unaouzwa kwa jina la kangaga ambao si kangaga hata kidogo: asparagasi ya mapambo, Asparagus setaceus. Ni mmea wa huku kwetu mashariki na kusini mwa Afrika, unatoa maua na vitunda, una vimiiba, na unavumilia jua na ukame kuliko makangaga mengi. Wataalamu wenzangu huunyanyapaa. Mimi naona ndio jibu la kweli la ukanda huo, mradi watoto wasile vile vitunda.

Ya kuacha: makangaga yenye majani membamba na vikonyo vyeusi, jamii ya Adiantum. Yanapendeza kitaluni kwa sababu kitalu kina wavu na maji ya kunyunyiza muda wote. Ukiwa na mahali panapochuruzika maji daima, tuseme chini ya bomba la nje, panda Adiantum capillus-veneris hapo na si kwingine. Usichimbe pia lile kangaga la milimani linalotanda mahali palipoungua moto, Pteridium aquilinum. Ni sumu kwa ng'ombe, na shina lake la chini huzama ambako jembe halifiki. Na mtu akikuletea kangaga mti, lile lenye shina la miiba linaloota kwenye mabonde ya misitu ya Meru na Kilimanjaro, muulize amelitoa wapi. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES wa viumbe walio hatarini, kuchimba mimea hifadhini ni kosa, na kwa hewa yako ya Februari hata hivyo lingekufa.

Mparachichi nao unahitaji adabu yake. Mizizi yake inayokula iko juu sana, mingi ndani ya sentimita 30 za kwanza, na ugonjwa unaoiua zaidi ni kuoza kwa mizizi kunakoletwa na Phytophthora cinnamomi, kiumbe anayestawi kwenye udongo uliolowa. Ukichimba mashimo ya makangaga chini yake unaikata mizizi hiyo, na ukimwagilia kama unavyomwagilia sasa unaualika ugonjwa. Kwa hiyo chini ya mti huo usichimbe. Majani yake yanayoanguka yaache yalivyo, ila yasirundikane kwenye shina, kisha laza juu yake vipande vya Phymatosorus scolopendria, kangaga la pwani yetu lenye shina nene la kijani linalotambaa juu ya ardhi badala ya kuzama. Unalibana kwa jiwe tu, linashika lenyewe. Na kwenye shina la mparachichi, upande wa kusini-mashariki usiopigwa na jua la alasiri, funga Platycerium elephantotis kwa kamba ya katani. Hilo ni la misitu ya Afrika, majani yake mapana yananing'inia kama masikio ya tembo, na yale ya nyuma yanakumbatia mti na kukusanya majani makavu kuwa chakula chake. Halinyonyi mti. Watu huogopa hilo bure.

Kupanda: ngoja masika yashike, mwishoni mwa Machi au Aprili, ili mizizi ipate miezi miwili kabla ya ukavu. Nje ya eneo la mparachichi changanya udongo wako na mboji ya majani iliyooza, kiasi sawa kwa sawa. Maganda ya kahawa yanapatikana kwa wingi huko, lakini yaozeshe kwanza. Samadi mbichi hapana, inaunguza. Kwa Rumohra ongeza changarawe ya volkano. Kosa linaloua miche mingi ni kuizika sana: kwenye Cyrtomium ule moyo unaotoa majani yaliyojikunja lazima ubaki juu ya udongo, na shina la Rumohra linalotambaa lionekane. Nafasi ya nusu mita inatosha. Kisha tandaza majani makavu unene wa vidole vinne, na uyaongeze kila Septemba kabla jua halijahamia upande wenu.

Sasa vidoa. Vimejipanga kwa safu, umbali sawasawa, ukubwa mmoja? Basi hivyo ni vifuko vya spora, ndivyo kangaga linavyozaa kwa kuwa halina maua wala mbegu. Ni dalili kwamba jani limekomaa. Dawa ulizopuliza, hasa zenye mafuta, huunguza majani ya makangaga kuliko mimea mingi, na huenda sehemu ya huo ukavu wa Februari ilitoka kwenye bomba lako la kupulizia. Wadudu gamba wapo kweli na wanafanana na vidoa, lakini hao hukaa ovyoovyo, juu ya vikonyo na kando ya mshipa wa katikati, ukiwakwangua kwa ukucha wanabanduka, na mara nyingi utaona majimaji yanayonata na sisimizi wakipanda na kushuka. Ukiwakuta, kata jani lote ulichome, au wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo. Hayo machache yaliyosalia usiyang'oe. Kata majani makavu, yahamishie kwenye vyungu kibarazani upande wa mashariki, na uyape maji ya mvua tu.