Jibu: TB anakula nini akiwa amejificha mapafuni?

Mkuu, umeuliza bakteria wa TB wanaishije miaka yote wakiwa wamefungiwa ndani ya seli za kinga, na kama ndugu yako mwenye TB akiacha vyakula vya mafuta watakufa njaa.

Chakula chao kikubwa ni mafuta kweli, ila ni ya kwenye seli zetu. Iko hivi, makrofeji (seli ya kinga inayomeza vijidudu) ikimmeza huyu bakteria ilitakiwa immalize, lakini anagoma kufa, na seli yenyewe inaanza kujaa vitone vya mafuta mpaka ukiiangalia kwa maikroskopu unaona kama povu tupu. Sasa ukuta wa bakteria ni mnene, vitu havipenyi hivihivi, kwahiyo ana mitambo ya protini ya kuvuta, Mce1 inavuta asidi za mafuta, Mce4 inavuta kolesteroli, ambayo nayo ni aina ya mafuta. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba bakteria wasio na Mce4 wanashindwa kudumu kwenye mapafu ya panya, yani hiyo kolesteroli ndo inamsaidia akae muda mrefu. Akishaivuta anaikatakata, vipande vingine nishati, vingine anajengea mafuta ya ukuta wake.



Kwahiyo usimnyime ndugu yako chakula tafadhali, kolesteroli mwili unaitengeneza wenyewe na iko kwenye utando wa kila seli, utamdhoofisha yeye tu. Ale vizuri, na dozi aimalize yote hata akijisikia amepona.