Kabla ya kuchagua chuo cha uuguzi, jua mtoto atalala kwa nani

Wiki iliyopita dada mmoja wa Nachingwea aliniuliza aanzie cheti cha uuguzi au atafute njia ya kwenda digrii moja kwa moja. Anauza dawa kwenye duka la dawa muhimu, ana mtoto wa miaka minne na anamlea peke yake. Kabla sijamjibu nilimuuliza: usiku ukiwa zamu, mtoto atalala kwa nani?

Swali hilo mimi sikujiuliza mapema. Nilikuwa muuguzi wa cheti kwenye zahanati ya kijiji mkoani Lindi, binti yangu ana miaka miwili. Chuo kimoja binafsi kikaniambia kwa simu kwamba masomo ni ya jioni, nitaweza kazi na shule kwa pamoja. Darasani kweli tulikuwa jioni. Wodini ikawa habari nyingine. Mwanafunzi wa uuguzi anapangiwa zamu asubuhi, mchana na usiku, na kile kitabu cha vitendo hakisainiwi mpaka msimamizi akuone kwa macho yake unasafisha kidonda, unaweka katheta (mpira wa mkojo), unazalisha. Asubuhi moja nilitoka zamu nikamkuta binti yangu kwa jirani, amelala kwenye mkeka na nguo za jana, mwili unachemka kwa homa. Kipimo kilionyesha malaria. Niliacha masomo wiki ya sita, na ada haikurudi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi anayelea peke yake huku Kusini ni kupanda ngazi kwa ngazi. Cheti ni miaka miwili, diploma inakamilika mwaka wa tatu. Kinachotakiwa kuanzia ni ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, Baiolojia, Kemia na Fizikia yakiwemo. Kama Fizikia ilikukwamisha, irudie kwanza kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni nafuu kuliko kuhangaika na mtu anayekuahidi nafasi bila sifa. Na vyuo vya ngazi hii vipo kwetu. Mtu wa Masasi anaweza kusoma Ndanda, wa Mtama akasoma Nyangao, na mtoto akabaki kwa bibi yake, mama anamwona mwisho wa wiki.

Digrii ndiyo inayokutoa nyumbani. Vyuo vingi vinavyoifundisha viko Dar es Salaam, Dodoma, Moshi na Mwanza. Ni miaka minne, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Ukipitia diploma, vyuo vingi vinataka GPA (wastani wa ufaulu) isiyopungua 3.0, kwa hiyo digrii unaanza kuitafuta tangu mtihani wa kwanza wa diploma. Nimeona wenzangu wenye uwezo mkubwa wakikwama hapo kwa sababu ya sapu (mitihani ya marudio) mbili tatu za mwanzo walizozichukulia poa.

Suala la fedha nalisema bila kuficha, maana linaumiza watu. Masharti ya Bodi ya Mikopo yanamtaka mwombaji asizidi miaka 35 na asiwe na kipato cha ajira rasmi. Mtumishi wa halmashauri usihesabu bumu, yaani hela ya mkopo. Hesabu ruhusa ya masomo yenye mshahara, na hiyo haiji kwa kuandika barua Septemba ukiwa na barua ya udahili mkononi. Jina lako liwe limeingia kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri mapema. Mimi nilipojipanga upya kusoma, nilimfuata muuguzi mkuu wa wilaya mwaka mzima kabla, nikamwambia nia yangu, na kila bajeti ilipokaribia nilimkumbusha. Jua pia kwamba ukiwa masomoni posho za zamu za ziada hazipo. Mshahara mtupu unagawanywa sehemu mbili, chumba chako Dar na chakula cha mtoto Lindi. Kwa wanaotegemea korosho, vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba, minada nayo ndiyo kwanza inaanza. Hela ya usajili iweke tangu msimu uliopita.

Halafu kaa na ndugu. Kwetu Wamwera mjomba ana neno zito, na mimi nilimwita kaka yangu mbele ya mama, tukapanga nani atampeleka binti shule na nani atasaini hospitalini. Mama alisema, "Wewe nenda mwanangu, ila mjomba wake asiwe wa kuitwa mpaka kuharibike jambo." Tukayaandika hayo kwenye barua, ikapita kwa mwenyekiti wa kijiji. Kadi ya bima na kadi ya kliniki nikaziacha kwenye bahasha moja, kabatini kwa mama.

Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Kusini pale Somanga. Mimi niko Dar masomoni, mabasi hayaendi, na mama anapiga simu saa nne usiku kuwa mtoto anatapika. Nilibaki nimeishika simu, nikimwelekeza namna ya kumpa maji ya chumvichumvi (ORS) kidogo kidogo. Kaka alikuwa ameshachukua ile bahasha, wako kwenye bodaboda kuelekea Sokoine, hospitali ya mkoa ya Lindi.