Vitz kwenye matope ya Ruai

Dada, umeuliza kama Vitz yako, inayovutwa na magurudumu ya mbele, itakufikisha nyumbani Ruai, pembeni mwa Nairobi, mvua za masika zikianza. Itafika, ila udongo mweusi wa huko una masharti yake.

Uzito wa injini umekalia magurudumu yanayovuta, kwa hiyo penye tambarare gari hili dogo hujitahidi kuliko watu wanavyodhani. Shida ni mlima: uzito hurudi nyuma, mbele pakawa pepesi, tairi zikazunguka bure. Ndiyo maana kimlima kifupi chenye utelezi mara nyingi hupandika kwa rivasi, maana hapo uzito hurudi kwenye tairi zinazovuta. Lakini tafadhali, awepo mtu nje wa kukuelekeza.

Tumia gia ya chini, mwendo wa polepole usiobadilika. Tairi ikianza kuzunguka bure, ondoa mguu kwenye mafuta. Ukikanyaga zaidi unachimba shimo, na Vitz haina hata sentimita 15 chini ya tumbo. Usukani usipotii, usiuzungushe zaidi. Punguza mafuta, nyoosha kidogo mpaka tairi zishike.

Tairi vipara badilisha zote nne, si za mbele pekee: nyuma ikiteleza kwenye lami yenye maji, gari hugeuka ghafla. Na kwenye buti weka jembe dogo na vipande vya zulia kuukuu vya kutandika chini ya tairi ukikwama.