Neno moja kwa siku, lakini neno lipi?

Nilipoanza kubeba mizigo Kilimanjaro nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na Kiingereza changu kilikuwa cha daftarini. Zoezi la kujaza nafasi nilikuwa nalipatia, lakini mgeni akinisemesha nilitabasamu tu nikapita. Mgumu, ndivyo tunavyowaita wapagazi huku, akiwa na kilo 20 kichwani hadaiwi maneno mengi. Ila mimi nilitaka niwe kiongozi wa wageni, na kiongozi huishi kwa mdomo wake.

Nikaazimia kujifunza neno moja kila siku. Nikanunua daftari, nikafungua kamusi kwenye herufi A. "Abandon". "Abate". "Abhor". Mwezi wa pili ulinikuta bado nipo A, na katika maneno yote yale hakuna hata moja nililokuwa nimemwambia mtu. Kwa kazi yangu na watu niliokutana nao, hayakuwa na pa kuingia.

Kilichonibadilisha ni usiku mmoja juu ya kambi ya Kibo, ambayo iko kama mita 4,720. Nilichaguliwa kusaidia kupandisha wageni kileleni, na safari hiyo huanza karibu na saa sita usiku, gizani, kila mtu na taa yake kichwani. Baada ya saa kama mbili mama mmoja akasimama, akaniambia: "My toes are numb." Nikaitikia "yes, yes", nikamwonyesha njia. Akarudia, safari hii akiwa na wasiwasi usoni. Kiongozi akashuka haraka, akapiga magoti, akalegeza kamba za kiatu zilizokuwa zimembana, akamwambia achezeshe vidole bila kuacha. Kisha akanigeukia: "Dogo, anasema vidole vimekufa ganzi. Kwenye baridi hii ukipuuza neno hilo, mtu anaweza kupoteza vidole."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba neno hilo, "numb", nilikuwa nalo kwenye daftari langu la shule. Nilikuwa nimeliandika na kulisoma kwa mazoea yetu ya Kiswahili, ambako kila herufi hutamkwa. Kumbe ile "b" haisikiki kabisa. Ndivyo ilivyo pia kwa "climb", "thumb", "comb" na "lamb". Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiandike neno kabla hujalisikia. Kamusi nyingi za kwenye simu zina alama ya spika. Ibonyeze mara tatu, utamke kwa sauti, ndipo ushike kalamu.

La pili, acha kamusi ikae, uchukue neno kutoka kwenye siku yako. Niliporudi Moshi nilianza upya na mambo ninayokutana nayo mlimani: "blister" ni lengelenge, "dizzy" ni mwenye kizunguzungu, "steep" ni mwinuko mkali, "slippery" ni penye utelezi. Muuza duka la vipuri, mshona nguo, karani wa bandarini, kila mmoja ana yake. Jiulize jioni: leo ni wapi nilikwama kusema? Neno la kesho ni hilo.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hulipita haraka, nami nataka tulikalie kidogo. Neno la Kiingereza lina wenzake linaotembea nao, na si wale wale wa Kiswahili. Sisi tunasema mvua kubwa. Mwingereza husema "heavy rain", yaani mvua nzito. Tunakunywa dawa, wao wana "take medicine". Nilishawahi kumwambia mgeni "I am hearing cold", kwa sababu kwetu mtu husikia baridi. Alinielewa baada ya muda, lakini mgonjwa aliye juu ya mita 4,000 hatakiwi kusubiri nieleweke. Angalia pia kitenzi chetu kupiga: tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga pasi. Kiingereza kina "make a call" na "take a photo", na kwa mswaki na pasi ni "brush" na "iron", basi. Ndiyo maana siandiki tena neno peke yake. Naandika sentensi nzima ninayoweza kuisema kesho.

Kusahau kusikutishe. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885: mengi tunayojifunza hupotea mapema sana tusipoyarudia, kisha kasi ya kupotea hupungua. Mimi hukata katoni vipande vidogo, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili sentensi ya Kiingereza. Kadi mpya hukaa mfuko wa kushoto wa jaketi. Naitazama kesho yake, kisha baada ya siku tatu, wiki, mwezi. Nikiipatia yote hiyo inahamia mfuko wa kulia. Nikiikosa, inaanza upya bila huruma. Siku ambayo kadi za kurudia zimezidi kumi siongezi mpya, hata kama ratiba inasema neno moja kwa siku. Afadhali ufike mwisho wa mwaka na 200 zinazotoka mdomoni kuliko 365 zilizolala daftarini.

Na zitoke mdomoni kweli. Jioni kule kambi ya Horombo wageni wakinywa chai huwa na muda, na wengi hufurahi ukiwauliza "What do you call this?" huku unaonyesha kitu. Mzee mmoja kutoka Scotland alinipa "drizzle" tukiwa ndani ya manyunyu yenyewe, na tangu siku hiyo sijawahi kuirudia kadi yake.

Kesho asubuhi nina kundi langoni Marangu. Mvua imenyesha usiku kucha, kwa hiyo kadi ya leo nimeiandika hivi: "The path is slippery, so please use your poles." Nimeshaitamka mara sita nikipanga mizigo.