Kuteremka kilima na mzigo: iachie injini kazi

Sheikh wangu, umeuliza kwa nini breki za lori lako hunuka na kulegea kila ukiteremka na magunia ya karafuu kutoka mashambani. Jawabu ni kuwa unazibebesha breki kazi ya injini. Zikikanyagwa mfululizo zinapata moto, na zikishapata moto hazishiki, hata usimame juu ya kanyagio.

Juu kabisa, kabla hujaanza kushuka, simama. Tia gia namba moja, au mbili kilima kikiwa cha wastani. Kisha toa mguu kwenye mafuta, na kwenye klachi pia. Hapa ndipo wengi wetu huponzwa: ukikanyaga klachi unaitenganisha injini na magurudumu, umebaki wewe na Mola wako. Frii, yaani kuliacha gari bila gia, ndiyo usiitaje kabisa, hata kama unabania dizeli.

Injini itanguruma. Wacha ingurume, ila mshale wa mizunguko usifike kwenye nyekundu. Ukikaribia, kanyaga breki sawasawa, mwendo upungue, kisha achia. Si kuipapasa njia nzima.

Udongo wetu wa Pemba ukilowa ni sabuni. Magurudumu ya nyuma yakianza kuteleza, gusa mafuta kidogo yazunguke tena, na usukani uuelekeze chini moja kwa moja. Gia usibadilishe katikati ya mteremko; ikikataa kuingia huna kitu tena. Mimi yalinikuta, nikaokolewa na mkarafuu.