IL-10 haionekani kwenye sahani? Angalia ulivuna saa ngapi

Wiki hii msomaji wa uzamili ameuliza swali linalowasumbua wengi wanaoanza kupima saitokini, yaani protini ambazo seli za kinga hutumia kupeana ishara. Amechochea damu ya watoto wenye malaria kwa LPS (endotoksini, kipande cha ukuta wa bakteria), akavuna majimaji ya juu ya seli baada ya saa 6, akayapima kwenye sahani ya ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili). TNF imepanda vizuri, IL-10 haionekani kabisa. Ameshauriwa aandike kwamba watoto hao hawatengenezi IL-10. Tafadhali asiandike hivyo.

TNF, saitokini inayochochea uvimbe, hutoka mapema. IL-10 ni zimamoto, hufika baadaye. Monositi (aina ya seli nyeupe) za binadamu zikichochewa huanza kutoa IL-10 ya kupimika baada ya saa 7 hivi, na kilele chake huwa kati ya saa 20 na 48. Kwa hiyo kila mgonjwa atengewe visima tofauti: vya saa 6 kwa TNF, vya saa 24 kwa IL-10. Tumia damu ya heparini, kwa sababu EDTA, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, hufunga kalsiamu ambayo seli zinaihitaji ili ziitikie. Changanya sehemu moja ya damu na sehemu nne za RPMI 1640 (majimaji ya kukuzia seli), weka LPS nanogramu 100 kwa mililita, kisha inkyubeta ya nyuzi 37 yenye CO2 asilimia 5.

Usikose kisima kisichochochewa. Kikitoa IL-10 nacho, shuku vitendanishi vyako kabla ya kumshuku mgonjwa. Endotoksini kidogo tu kwenye maji au seramu inatosha kuamsha monositi. Otoklevu ya kawaida huua bakteria lakini haitegemewi kuondoa endotoksini. Vyombo vya kioo vioke kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa dakika 30.

Kupima moja kwa moja kwenye plazima ni kazi nyingine. Hapo seli hazichochewi, kwa hiyo tyubu ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau inafaa. Izungushe ndani ya saa moja au mbili, kwa 1,500 g, dakika 10. Damu ikiachwa mezani mchana kutwa, seli bado zi hai na huendelea kumwaga au kufyonza saitokini, hivyo unachopima si kilichokuwa mwilini. Ukifyonza plazima, acha kidogo juu ya lile tabaka jeupe la seli. Gawa mikrolita 200 kwa kila kichupa, hifadhi nyuzi 80 chini ya sifuri, na kichupa kikishayeyushwa kisirudi frizani. Umeme ukikatika hadi sampuli zikayeyuka, andika daftarini siku hiyohiyo.

Mtu mwenye afya huwa na pikogramu chache tu za IL-10 kwa mililita ya plazima. ELISA nyingi za kawaida zina kiwango sanifu cha chini karibu na pikogramu 8, kwa hiyo kutoonekana si sawa na kutokuwepo. Andika "chini ya kikomo cha kipimo", taja kikomo chenyewe, na usiingize sifuri kwenye takwimu. Mgonjwa wa malaria kali anaweza kupita kiwango cha juu kabisa. Sampuli yake ipunguzwe mara 10 ipimwe upya.

Kwenye sahani, kosa kubwa ni uoshaji. Enzimu ikibaki visimani, sahani nzima hugeuka bluu. Baada ya kila mwosho, pindua sahani uigonge kwenye karatasi kavu hadi isiache alama ya maji. Pima kila sampuli katika visima viwili. Namba ya juu isiyoelezeka inaweza kutokana na kingamwili za mgonjwa zinazounganisha kingamwili mbili za kipimo. Pia soma karatasi ya maelekezo iliyo kwenye boksi la kipimo: virusi vya Epstein-Barr vina jeni BCRF1 inayotengeneza protini inayofanana na IL-10 ya binadamu, na baadhi ya kingamwili hunasa zote mbili.

Sasa tafsiri, ambako tasnifu nyingi huanguka. IL-10, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1989 kama kizuizi cha utengenezaji wa saitokini, hushika kipokezi chake, huwasha STAT3 (protini inayopeleka ishara ndani ya seli), na kupunguza TNF na IL-12, saitokini nyingine ya uchochezi. Panya wasio nayo walipata uvimbe (inflamesheni) wa utumbo, ikaripotiwa mwaka 1993. Mwaka 2009 watoto wenye kasoro kwenye jeni za kipokezi chake walionekana na ugonjwa mkali wa utumbo tangu uchanga. Hata hivyo, kuwadunga IL-10 wagonjwa wa Crohn (ugonjwa sugu wa uvimbe wa utumbo) hakukuleta nafuu iliyotarajiwa, na dozi kubwa ilileta upungufu wa damu. Katika kala-azar, IL-10 nyingi humkinga kimelea. Kwa watoto wa magharibi mwa Kenya, IL-10 ndogo ikilinganishwa na TNF imehusishwa na upungufu mkubwa wa damu wa malaria. Lakini IL-10 kubwa nayo huonekana kwa wagonjwa mahututi, kwa kuwa vimelea wengi huchochea zote mbili.

Basi usiandike "IL-10 ilipanda" ukanyamaza. Toa uwiano wake na TNF, idadi ya vimelea kwa mikrolita, siku ya ngapi ya homa, na kama mtoto alishameza dawa. Wanaouza virutubisho vya "kupandisha IL-10" hawatakuonyesha hata kimojawapo cha vipimo hivyo.

Kwa msomaji wetu: vichupa vya saa 6 vitumike kwa TNF pekee. Kwa IL-10, omba damu mpya, mililita 2 kwa kila mtoto kwenye tyubu ya heparini zinatosha, na idhini ya kamati ya maadili iombwe kabla ya kurudi wodini.