Mvua Inayoganda na Siku za Uvuguvugu Zinazofuata: Ushauri kwa Ndugu wa Louisville

Utabiri wa hali ya hewa unaposema kwamba usiku wa leo kutakuwa na mchanganyiko wa theluji, chembe za barafu na mvua inayoganda, na kwamba kuanzia keshokutwa baridi itapungua, wengi wetu tunaoishi hapa Louisville, jimboni Kentucky, Marekani, huishika nusu ya pili ya habari na kuiacha ya kwanza. Tunaona kipimo cha juu cha joto la mchana na alama ya jua kwenye simu, kisha tunapanga wiki nzima kana kwamba baridi imekwisha kuaga. Kwa kazi yangu ya ukalimani nimeketi mara nyingi kando ya wagonjwa waliotoka Uvira, Bujumbura, Kigoma na kambi ya Nyarugusu, nikiwafikishia maneno ya daktari kuhusu nyonga iliyovunjika au kifundo kilichoteguka, na nilichokiona ni kwamba walioanguka katikati ya dhoruba ni wachache kuliko walioanguka asubuhi iliyofuata siku nzuri. Ndiyo maana nataka kueleza kwa kirefu jinsi ninavyousoma utabiri wa aina hii, kwa ajili ya ndugu waliofika karibuni na hata kwa sisi tuliokwisha kuzoea.

Kentucky iko mahali ambapo hewa baridi inayoshuka kutoka Kanada hukutana na hewa yenye unyevu inayopanda kutoka Ghuba ya Meksiko, na mara nyingi hukutana juu ya bonde la mto Ohio, yaani juu ya paa zetu. Hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo hupanda juu ya ile ya baridi, nayo ya baridi hubaki imelala chini ardhini. Theluji inayoanza kudondoka kutoka mawinguni hupita katika matabaka hayo kabla ya kutufikia. Ikiwa kote njiani kuna baridi ya kugandisha, hufika chini ikiwa theluji. Ikipita katika tabaka la joto ikayeyuka, kisha ikaingia katika tabaka nene la baridi, huganda tena na kuwa chembe ngumu zinazorukaruka kwenye kioo cha gari. Tabaka la baridi likiwa jembamba, matone hayapati muda wa kuganda hewani, bali hufika yakiwa maji yaliyopoa chini ya kiwango cha kuganda, nayo huganda papo hapo yanapogusa tawi, waya, ngazi au lami.

Kati ya hizo tatu, ya mwisho ndiyo ya kuogopwa, ingawa machoni ndiyo inayoonekana ya kawaida kabisa, kwa sababu ukichungulia dirishani unaona mvua tu. Tofauti ya nyuzi moja au mbili za joto, hapa chini au huko juu, hutosha kubadilisha kinachodondoka, ndiyo maana rafiki aliye New Albany ng'ambo ya mto anaweza kukusimulia theluji huku wewe, upande wa kusini wa jiji, ukiwa na mvua tupu. Watabiri wenyewe hubadilisha makadirio yao saa chache kabla, na hilo halina maana kwamba hawaijui kazi yao. Kwa sababu hiyo mimi huacha kuuliza ni inchi ngapi za theluji zitaanguka. Nauliza ni saa ngapi joto litashuka chini ya nyuzi 32 za Farenhaiti, ambazo ndizo sifuri ya Selsiasi, na ni saa ngapi litapanda tena juu ya hapo. Tovuti ya National Weather Service, yaani idara ya hali ya hewa ya serikali ya Marekani, ambayo ofisi yake ya hapa Louisville huhudumia Kentucky ya kati na sehemu ya kusini ya Indiana, inatoa utabiri wa saa kwa saa, na ukurasa huo una faida kubwa kuliko alama yoyote ya wingu au jua iliyo kwenye simu.

Zingatia pia maneno ya tahadhari, kwa kuwa yana ngazi. Likitolewa neno Watch, maana yake ni kwamba mazingira ya dhoruba yapo na ni wakati wa kununua vitu na kupanga safari upya. Advisory ni hali itakayosumbua na kuwa hatari kwa asiyejihadhari. Warning ni hatari yenyewe, ama imefika au imekaribia kabisa. Ukiona Ice Storm Warning, yaani onyo la dhoruba ya barafu, ambalo kwa kawaida hutolewa panapotarajiwa robo inchi ya barafu au zaidi, usihesabu robo hiyo kuwa ndogo. Barafu ya unene huo juu ya kila tawi na kila waya ni mzigo mkubwa, na upepo ukivuma kidogo tu, miti huanza kuvunjika. Mwishoni mwa Januari 2009 dhoruba ya namna hiyo ilikata umeme kwa zaidi ya nyumba na biashara 700,000 katika jimbo hili, wengine wakakaa gizani kwa wiki kadhaa, na Gavana Steve Beshear akaita askari wote wa jeshi la akiba la jimbo kwenda nyumba kwa nyumba kuwatazama watu.

Hapa naomba tusikilizane kwa makini, kwa sababu jambo hili linatugusa sisi kuliko majirani zetu. Umeme ukikatika na nyumba ikaanza kupoa, mtu aliyekulia mahali ambapo jiko la mkaa ndilo moto wa nyumba atafikiria mkaa kabla ya kufikiria kitu kingine. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili kuhifadhi joto, na mkaa unaowaka ndani hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Miongoni mwa waliokufa hapa mwaka 2009 wamo waliouawa na gesi hiyo. Desemba 2006, upepo mkali ulipokata umeme katika eneo la Seattle, sehemu kubwa ya waliolewa sumu hiyo walikuwa wahamiaji, na wengi wao walikuwa wamewasha mkaa ndani ya nyumba. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Mkaa usiingie ndani, jenereta isiingie hata gereji, na kifaa cha kugundua gesi hiyo, chenye betri inayofanya kazi, kiwepo karibu na vyumba vya kulala. Mkiona baridi inawazidi, funga mlango wa chumba kimoja, kaeni wote humo kwa mablanketi, au nendeni kwa ndugu mwenye umeme kabla barabara hazijaganda. Mama mzee au mtoto mchanga asisubiri hadi usiku wa manane ndipo ahamishwe.

Sasa nije kwenye siku za uvuguvugu, ambazo hazizungumzwi vya kutosha.

Chukua mfano wa utabiri wa kawaida kabisa wa mwisho wa Januari: mchana nyuzi 45 za Farenhaiti, usiku nyuzi 26, anga jeupe. Anayesoma namba ya kwanza anafurahi. Anayesoma zote mbili anajua kwamba theluji itayeyuka mchana kutwa, maji yatatambaa juu ya ngazi, njia za miguu na maegesho, na jua likizama yote hayo yataganda upya. Anga likiwa halina mawingu, ardhi hupoteza joto lake haraka, kiasi kwamba lami inaweza kufika kwenye kuganda wakati kipimo cha hewa bado kinasoma nyuzi 34 au 35. Barafu inayotokea hivyo ni nyembamba na angavu, unaiona lami ikiwa nyeusi kupitia ndani yake, ukadhani ni unyevu. Wafanyakazi wa zamu ya usiku wanaotoka alfajiri, na wale wa zamu ya kwanza wanaokimbilia basi, ndio wanaoikanyaga wa kwanza.

Kwa hiyo kazi ya koleo ifanyike alasiri, kabla jua halijazama, wakati theluji imelegea na kuwa tope. Watu wengi huliacha tope hilo kwa kuwa linaonekana linakwisha lenyewe, kisha asubuhi wanakuta matuta magumu yenye alama za nyayo na magurudumu ambayo koleo haliwezi kuyang'oa. Likwangue likiwa laini, lisukume upande ambao maji yake hayatarudi njiani, kisha nyunyiza chumvi kidogo. Theluji iliyolowa ni nzito mno, na mtu mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo asiibebe. Amwite kijana wa jirani, naye kijana asingoje kuitwa. Chumvi nayo ina mipaka yake: baridi ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, huyeyusha polepole mno, na mchanga uliotupwa juu ya barafu utakusaidia zaidi kwa kuwa unaupa mguu mahali pa kushika.

Kwa madereva, madaraja ndiyo ya kuangaliwa. Barabara iliyolala juu ya udongo hupata joto kidogo kutoka chini, lakini daraja hupigwa na hewa baridi juu na chini, kwa hiyo huganda mapema. Anayevuka kwenda Indiana kwa daraja la Lincoln au la Sherman Minton apunguze mwendo kabla ya kulifikia, asifunge breki akiwa juu yake. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba malori huweza kunyunyiza maji ya chumvi barabarani siku moja kabla ya theluji, ila dhoruba ikitazamiwa kuanza na mvua, kazi hiyo mara nyingi huachwa kwa sababu mvua ingeyasomba. Usipoiona mistari myeupe inayoachwa na maji hayo kwenye lami na utabiri unataja mvua itakayogeuka kuwa barafu, elewa kwamba saa za mwanzo barabara haitakuwa na kinga yoyote.

Nyumbani, uvuguvugu huja na hasara iliyokuwa imejificha. Bomba linaloganda hupasuka wakati wa baridi kali, lakini barafu iliyo ndani huziba ufa, na maji huanza kumwagika siku hali inapokuwa nzuri, pengine wakati kila mtu yuko kazini. Baridi ikitabiriwa kushuka kuelekea nyuzi 20 na chini yake, acha bomba lililo kwenye ukuta wa nje lidondoshe maji kidogo kidogo na ufungue milango ya kabati la chini ya sinki ili joto la nyumba liingie. Muhimu kuliko hayo, muulize mwenye nyumba siku ya kwanza unapohamia mahali ilipo valvu ya kufunga maji yote, na uwaonyeshe watoto wakubwa pia. Barafu iliyo juu ya paa na kwenye matawi nayo huanza kuporomoka jua linapoipiga, hivyo watoto wasicheze chini ya kingo za paa wala chini ya miti iliyoinama, na waya ulioanguka usikaribiwe hata kama taa za mtaa mzima zimezimika.

Kuhusu mavazi nitasema machache. Baridi ya nyuzi 35 yenye mvua humchosha mtu kuliko ile kavu ya nyuzi 20, kwa sababu nguo iliyolowa haina uwezo wa kutunza joto la mwili, na soksi za pamba zikilowa hubaki hivyo hadi jioni. Soksi za sufu na viatu visivyopitisha maji vina thamani kuliko koti la bei kubwa. Akina mama wanaovaa kitenge kirefu kwenda kanisani wavae suruali nzito ndani, na wakiteremka ngazi wakinyanyue kwa mkono mmoja, mkono wa pili ushike reli.

Kuna ramani nyingine ambayo huwapotosha wengi, nayo ni ile ya Climate Prediction Center, kituo cha serikali cha kutabiri hali ya hewa ya siku za mbele, inayoonyesha mwelekeo wa siku 6 hadi 10 na siku 8 hadi 14 zijazo. Ikipakwa rangi ya machungwa juu ya Kentucky, haisemi kwamba kutakuwa na joto. Inasema kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi wa wastani wa siku hizo kuwa juu ya ule wa kawaida wa msimu, na kawaida ya mwisho wa Januari hapa ni kama nyuzi 43 mchana na nyuzi 27 usiku. Unaweza kuwa juu ya kawaida na bado ukaganda kila usiku. Mimi huitumia kupanga mambo yanayoweza kusogezwa, kama safari ya kwenda kumtembelea ndugu Lexington au siku ya kuosha chumvi iliyonasa chini ya gari, maana chumvi hiyo ikiachwa hula chuma. Siitumii kuamua kama watoto watavaa glavu.

Na makoti yasifungiwe masandukuni Februari inapoleta siku tatu nne tamu, kwa kuwa usiku wa kugandisha hurudi Machi, na mara nyingi hata Aprili. Wazee wa Louisville hupanda nyanya baada ya mashindano ya farasi ya Kentucky Derby, yanayofanyika Jumamosi ya kwanza ya Mei. Wenye bustani za mchicha, au lengalenga kama wasemavyo Wakongo, wafuate kalenda hiyo hiyo, kwani mbegu zake hazioti katika udongo baridi, na miche iliyowahi kuota Aprili inaweza kuunguzwa na umande ulioganda wa usiku mmoja tu.